Mshipa wa Mguu Unauma: Wapi Hasa?

Mtahini alichukua pini butu, akaigusisha katikati ya kidole gumba na kidole cha pili cha mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa amejilaza kitandani kutusaidia kama mfano. "Hapa. Neva gani?"

Nilikuwa nimekesha siku nne na orodha. Majina yote yalikuwa kichwani, kuanzia kiunoni hadi ukuchani, yamepangika kama beti za shairi. Nikajibu bila kuvuta pumzi: "Neva ya fibula ya juujuu, mwalimu." Akasogeza pini kidogo tu, ikatua juu ya wayo, nyuma ya vidole vya kati. "Na hapa?" Nikajibu vilevile. Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Jibu lako ni sahihi kwa sehemu moja tu kati ya hizo. Ipi?"

Sikujua. Mtihani ule wa mdomo wa fiziotherapia niliuanguka, nikapewa wiki sita za kujiandaa upya.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimesoma kweli. Ila nilisoma majina, na pini ile iliuliza mahali. Nilipotulia ndipo nikaona kwamba tatizo lilikuwa la zamani zaidi ya mtihani, tena nimelirithi kwenye lugha yenyewe. Sisi tukisema "mguu" tunaanzia nyongani hadi ncha ya kidole. Tukisema "mshipa" tunataja chochote kirefu kilichopita chini ya ngozi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano ya msuli, na kuna wanaoita ngiri mshipa pia. Basi mtu akikwambia "mshipa wa mguu unaniuma" amekukabidhi gunia mbili zilizofungwa. Nami nilikuwa mwanafunzi niliyezoea kuzipokea bila kuzifungua. Ninapoandika hapa, wayo ni kuanzia kwenye kifundo kwenda chini, na unyayo ni upande ule unaokanyaga ardhi. Bila mgawanyo huo tutapotezana.

Somo lenyewe lilinijia kwa njia ya kipuuzi. Nilikuwa na mabuti mapya, na kwa kuogopa yasinivue kisigino nikakaza kamba mpaka juu. Nikashinda nimesimama nayo kutwa. Jioni nikiosha miguu niliona ajabu: maji ya uvuguvugu niliyasikia vidoleni kote, ila kati ya kidole gumba na cha pili cha mguu wa kulia palikuwa kimya. Hapakuuma, hapakuwasha. Nikapagusa kwa kidole cha mkono, mkono ukasikia ngozi, ngozi isisikie mkono. Ni hisia ya ovyo sana, kama kumgusa mtu mwingine.

Nikaanza kucheka peke yangu, maana pale ndipo pini ilipotua.

Nikamwita mdogo wangu. Nikafumba macho, nikampa kipande cha pamba na kalamu ya wino, nikamwomba aguse ngozi hatua kwa hatua, aweke nukta kila ninaposema sisikii. "Kaka, hapa?" Kimya. "Kaka, nimegusa." Mimi ndio kwanza najua kwamba kaguswa mtu. Alipomaliza, nukta zake zilichora umbo la tone la maji: ncha imeelekea kwenye kifundo, tumbo limejaa pale vidole viwili vinapoachana. Ndiyo eneo lote la ngozi linalohudumiwa na neva ya fibula ya ndani. Hiyo neva ina kazi kubwa kwenye misuli ya muundi inayoinua wayo, lakini ikifika kwenye ngozi haina shamba jingine ila kale kapembe kadogo. Ukanda mpana uliobaki juu ya wayo ni wa ile ya juujuu. Na hiyo ya ndani, kabla ya kufika vidoleni, inapita mbele ya kifundo chini ya utando mgumu, kisha juu ya mifupa ya katikati ya wayo ambako hakuna nyama ya kuikinga. Juu yake palikuwa na kamba zangu.

Nikalegeza kamba. Eneo lile lilichukua karibu wiki tatu kuamka, na lilipoamka lilianza kwa sisimizi.

Tangu siku ile nikaacha orodha, nikawa nachora. Kila jioni nikaifuata neva moja juu ya ngozi yangu mwenyewe, kutoka inakotoka hadi inakoishia, na kila mahali inapoweza kubanwa nikaweka alama ya msalaba. Zinazofika kwenye wayo ni tano. Daktari wa usingizi akitaka kuutia ganzi wayo wote bila kumlaza mgonjwa usingizi, hizo tano ndizo anazozifuata kwa sindano kuzunguka kifundo.

Nne ni watoto wa mama mmoja, neva ya siatiki, ile nene inayoshuka nyuma ya paja. Karibu na goti hugawanyika mara mbili. Tawi la tibia linashuka nyuma, katikati ya shavu la mguu. Tawi la fibula linazunguka upande wa nje, chini kidogo ya goti, likikumbatia shingo ya mfupa wa fibula, ndipo linapozaa zile mbili, ya ndani na ya juujuu. Hiyo ya juujuu, kwa watu wengine unaweza hata kuiona: geuza unyayo kwa ndani, kunja kidole cha nne kuelekea chini, utaona uzi mwembamba umechomoza juu ya wayo. Mwenzangu mmoja alibishana nami wiki nzima kwamba ni mshipa wa damu. Ubonyeze basi, nikamwambia. Haukubonyea.

Ya nne vitabu huiita neva ya sura. Jina hili lilinisumbua, kwa nini neva ya mguu iitwe kwa jina la uso? Kumbe "sura" kwa Kilatini ni shavu la mguu. Inashuka nyuma ya shavu hilo, inapita nyuma ya kifundo upande wa nje, inamalizikia ukingoni mwa wayo kwenye kidole kidogo. Madaktari wa upasuaji wakihitaji kiraka cha neva kwa ajili ya sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi hukata kipande cha hii, kwa kuwa kazi yake ni hisia na mwenyewe atapoteza ukanda mdogo tu wa ngozi.

Ya tano ni neva ya safena, nayo haimo kabisa kwenye familia hiyo. Inatokea mbele ya paja, kwenye neva ya femoral, inashuka upande wa ndani wa mguu sambamba na mshipa mkubwa wa damu wenye jina hilohilo, inapita mbele ya kifundo upande wa ndani, na kwa kawaida inaishia ukingoni kabla ya kukigusa kidole gumba. Mimi naiita Safina. Siatiki ikikatika, ngozi ya wayo wote inazama gharikani, ila ukanda ule wa ndani unaelea. Tangu nilipoipa jina hilo sijaisahau, na nimewafundisha wengine ambao nao hawajaisahau.

Hizo ni za juu na pembeni. Unyayo wenyewe ni milki ya neva ya tibia, na huko ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kote.

Katika chumba cha maiti tulipewa mguu mmoja kwa watu wanne. Nyuma ya kile kifupa kinachochomoza upande wa ndani wa kifundo kuna utando unaotoka kwenye kifupa hicho hadi kwenye mfupa wa kisigino, kama mkanda wa begi. Chini yake ni njia nyembamba, na vitu sita vinapita humo kwa foleni isiyobadilika: kano ya tibiali ya nyuma, kano ndefu ya kukunja vidole, ateri, vena, neva, na mwisho kano ndefu ya kukunja kidole gumba. Nilitafuta sentensi ya kuishikia foleni hiyo nikapata hii: Twende, Dada Asha, Viatu Nitavaa Huko. Tibiali, dijitorumu, ateri, vena, neva, halusisi. Mtu mwingine anaweza kutunga nzuri zaidi, lakini hii ina viatu ndani yake.

Tulipoukata utando nilitarajia rangi za kitabuni: nyekundu, buluu, njano. Hakuna. Vyote vilikuwa na rangi ya uzi uliofuliwa mara nyingi. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole aliyekuwa akituita "wanangu" hata alipokuwa amekasirika, akatukataza kutaja jina lolote kabla ya kugusa. Nikashika cha pili kwa koleo, nikakivuta: vidole vinne vikajikunja taratibu. Kano. Nikavuta cha mwisho, kule nyuma: kidole gumba peke yake kikainama, kana kwamba kimeitika. Kano. Kilichofuata nilikibonyeza, kikalala bapa kama mrija usio na maji. Mshipa wa damu. Na katikati yao kikabaki kimoja, chembamba kuliko kalamu ya risasi, ambacho nikikivuta hakuna kidole kinachojibu, na nikikibonyeza hakilali. Nikikisugua kati ya kidole gumba na cha shahada nasikia nyuzinyuzi ndani yake zikiteleza, kama kamba iliyosokotwa ikavikwa ganda. "Hiyo sasa," akasema mama, "ndiyo mshipa wa fahamu. Na wewe kaka ulikuwa unauitaje?"

Humo njiani, mara nyingi, ndimo neva ya tibia inamogawanyika: neva ya unyayo ya ndani na neva ya unyayo ya nje. Ukiujua mkono, mgawanyo wake hautakushangaza. Ya ndani inachukua ngozi ya vidole vitatu na nusu kuanzia kidole gumba, na ya nje inachukua kimoja na nusu kilichobaki, kama zinavyogawana kiganja zile neva mbili za mkono. Matawi yao yanapanda mbele ya vidole hadi chini ya kucha, ndiyo maana kucha ya mguu ikiota vibaya anayelia ni neva ya unyayo japo kucha iko juu. Misuli midogo ya unyayo nitaipita haraka: ya ndani inahudumia minne, iliyobaki ni ya nje. Atakaye majina yake na ayatafute, mimi nimeyasoma mara tatu na kuyasahau mara tatu.

Matawi ya kisigino ndiyo yaliyonivutia zaidi. Mara nyingi huchomoka kutoka neva ya tibia juu ya ile njia nyembamba, au ndani yake mapema. Kwa hiyo neva ikibanwa humo, mtu anaweza kuchomwa na kufa ganzi unyayo wote wa mbele huku kisigino chake kikiwa kizima. Hilo halimo kwenye orodha ya majina hata ukiisoma mara mia. Lazima uwe umejua linachomoka wapi.

Kuna jambo jingine nilikuwa nalo tangu utotoni bila kuliuliza. Ukijikwaa kidole kwenye mguu wa kitanda usiku, kuna maumivu mawili. La kwanza ni la kukata, linakuja papo hapo na unajua ni kidole kipi. Halafu kuna kitambo kifupi cha utulivu wa uongo, unajiambia afadhali, na ndipo linakuja la pili, zito, la kufukuta, linalokukalisha chini. Ni nyuzi mbili tofauti ndani ya neva moja. Zenye ganda jembamba la mafuta husafirisha habari kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zisizo na ganda haziendi zaidi ya mita 2 hivi kwa sekunde, na kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo ni kama mita nzima. Hakuna sehemu ya mwili ambayo kuchelewa huko kunasikika wazi kama kwenye kidole cha mguu.

Mtihani wa marudio nilipita. Wagonjwa ndio walionisahihisha baada ya hapo.

Dada mmoja alilalamika kwamba anapotembea anahisi soksi imejikunja chini ya vidole, anavua kiatu, soksi imenyooka. Nilipomwomba aonyeshe kwa kidole kimoja, akaweka ncha kati ya kidole cha tatu na cha nne. Hapo ndipo alipopaelezea daktari Thomas George Morton wa Marekani mwaka 1876, na ugonjwa bado una jina lake: neva inavimba na kuwa ngumu kwa kubanwa kati ya vichwa vya mifupa. Kiatu chake kilikuwa chembamba mbele kama mdomo wa ndege. Hakuhitaji nifikirie sana.

Mzee aliyefuata alihitaji. Alikuwa amevunjika mfupa chini ya goti, akafungwa plasta, na ilipotolewa wayo ukawa unaning'inia. Akitembea aliinua goti juu kama anavuka mtaro, kisha wayo unapiga sakafu, pa. Kwenye maelezo yake kulikuwa na maumivu ya mgongo ya miaka mingi. Nikaona nimeshapata jibu: neva imebanwa uti wa mgongoni, kwenye mzizi wa tano wa kiuno. Nikamwambia msimamizi wangu kwa kujiamini kabisa.

Hakubisha. Akaushika wayo wa mzee, akauinua mwenyewe hadi usawa wake ili usininginie, akasema, "Mzee, hebu geuza unyayo utazame mguu mwenzake, nami nitakuzuia." Mzee akageuza, msimamizi akasukumwa mkono. Akanigeukia: "Msuli uliofanya kazi hii unalishwa na neva gani?"

Tibia. Kano yake ndiye Twende, wa kwanza kwenye foleni. Lakini nyuzi zake zinatoka kwenye mzizi uleule nilioutuhumu. Mzizi ungekuwa na shida, na msuli huu ungelegea pamoja na ile inayoinua wayo. Huu ulikuwa na nguvu zake zote, kwa hiyo ubovu ulikuwa chini zaidi, baada ya neva mbili kuachana. Msimamizi akapeleka ncha ya kidole upande wa nje, chini kidogo ya goti, akagongagonga kwenye shingo ya fibula. "Umeme!" mzee akaruka. "Umefika wapi, mzee?" Akapitisha mkono juu ya wayo wote hadi vidoleni. Kugonga huko kunaitwa kwa jina la Jules Tinel wa Ufaransa, aliyekueleza mwaka 1915. Na hapo chini ya kidole, ngozi ilikuwa na alama hafifu ya mstari. Ukingo wa plasta ulikuwa umekaa palepale.

Mimi mzee nilikuwa nimeshamwandikia mgongo. Nilifuta.

"Itarudi, mwanangu?" aliniuliza mimi, si msimamizi. Nikamweleza nilichokijua: neva iliyobanwa tu bila nyuzi kukatika huamka baada ya wiki au miezi, na zikikatika zinaota upya kwa kama milimita 1 kwa siku. Akapiga hesabu kwa vidole kutoka goti hadi wayo, akaguna. Lakini wiki ya saba kifundo kilianza kuinuka kidogo, na ya kumi akaniambia anasikia sisimizi juu ya wayo. Nikachukua pamba, nikagusa pale kati ya kidole gumba na cha pili. "Hapo bado, mwanangu. Hapo kama pa mtu mwingine." Nilitaka kumwambia kuwa najua.

Wa mwisho ni mama mmoja mwenye kisukari cha muda mrefu. Kwake nilichukua kalamu kwa furaha ya fundi aliyepata kazi anayoijua, nikaanza kuchora mipaka. Haikutokea. Ganzi yake haikuifuata fibula wala tibia wala Safina. Ilianzia vidoleni miguu yote miwili, ikapanda sawasawa pande zote na kukoma juu ya kifundo, mfano wa soksi. Kisukari hakibani neva mahali pamoja, kinazidhoofisha zote, na zilizo ndefu zaidi ndizo zinazotangulia kuchoka kwenye ncha. Nikagusa unyayo kwa ule uzi wa nailoni unaopinda kwa gramu 10: hakuna. Nikaweka uma wa sauti wa hezi 128 unatetema kwenye kidole gumba: hakuna. Chini ya kitako cha kidole gumba palikuwa na kidonda cha upana wa kifungo cha shati, na mama alikuwa amekuja akitembea vizuri tu, bila kuchechemea.

"Mama, hiki kimeanza lini?"

"Kipi, baba?"

Nikarudisha kifuniko cha kalamu, nikachukua kiatu chake cha kulia, nikaingiza mkono hadi mbele. Lilikuwa bado limo, kokoto moja, limezama kwenye soli.